Gari likichemka, usikubali injini ifunguliwe kabla ya vipimo

Mwaka jana gari langu lilichemka nikipanda Mazeras, nyuma ya foleni ya malori. Fundi aliona moshi tu, akasema, "Gasketi ya silinda hedi imekwenda, bosi. Tufungue." Nikalipa. Wiki hiyo hiyo likachemka tena. Kumbe feni ya rejeta ilikuwa haizunguki. Nililipia kubadilisha gasketi iliyokuwa nzima.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Kwanza, zima injini na usiguse kifuniko cha rejeta mpaka ipoe kabisa. Maji yaliyomo yana presha na hupita nyuzi 100. Ukifungua, yatakurukia usoni.

Ikishapoa, tazama maji. Je, yamepungua na huoni yanapovuja? Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Lakini ute kidogo chini ya kifuniko cha oili hautoshi kuhukumu, kwani safari fupi fupi pia huleta unyevu.

Kisha jaza maji, washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi. Hewa iliyobaki itatoka kwanza. Mapovu yasipokoma, huenda ni gesi inayopenya kutoka kwenye silinda. Zima kabla injini haijapata moto. Moshi mweupe wa ekzosi usioisha hata injini ikiwa na joto ni dalili nyingine.

Sasa mwombe fundi vipimo viwili. Cha kompresheni: silinda mbili jirani zikisoma chini pamoja, yaelekea gasketi imekatika kati yao. Cha pili ni dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kwa injini ya petroli, ikigeuka manjano, gesi ya moshi imeingia kwenye maji.

Vikiwa safi, kagua feni, themostati, pampu ya maji na rejeta iliyoziba.

Ikithibitika ni gasketi, usiendeshe kwa kuongeza maji njiani. Hedi ya aluminiamu hupinda kwa joto. Ipelekwe kwa wachonga vyuma ikapimwe kama imenyooka, la sivyo gasketi mpya nayo haitakaa. Na fundi akikataa kupima, tafuta mwingine. Mimi ningefanya hivyo, pesa zangu zingebaki mfukoni.