Kwa nini simu inakuomba uandike nambari unapoingia kwenye akaunti ya kazini?

Kama wewe ni mwalimu, mhudumu wa afya au karani wa chama cha ushirika, huenda mwajiri wako amekupa barua pepe ya kazi. Huenda pia amekutaka uweke kwenye simu programu iitwayo Microsoft Authenticator. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba anayeingia kwenye akaunti ni wewe, si mtu aliyeiba nywila yako. Katika makala hii tunaeleza kilichobadilika katika programu hiyo, kwa nini kimebadilika, na wewe ufanye nini.

Zamani ilikuwaje?

Ulipoandika nywila kwenye kompyuta, simu ilipokea ujumbe wenye machaguo mawili: kubali au kataa. Ukigusa kubali, umeingia. Ilikuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliowapa wezi mwanya.

Mwizi aliyekwisha kupata nywila ya mtu alijaribu kuingia tena na tena, pengine usiku wa manane. Kila alipojaribu, simu ya mwenye akaunti ililia. Mwishowe mtu alichoka, au alidhani ni hitilafu ya mtandao, akagusa kubali ili apumzike. Mlango ukafunguka.

Hayo yaliikuta kampuni ya usafiri ya Uber mwezi Septemba 2022. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mdukuzi alikuwa na nywila ya mtu aliyefanya kazi na Uber kwa mkataba. Alijaribu kuingia mara nyingi, na mwanzoni alizuiwa. Hatimaye mtu huyo alikubali ombi moja tu, na mdukuzi akaingia kwenye mifumo ya ndani ya kampuni.

Nini kipya?

La kwanza ni nambari. Sasa ukurasa unaoingilia unaonyesha nambari ya tarakimu mbili, nawe unaiandika kwenye programu iliyo katika simu yako. Microsoft iliufanya utaratibu huu kuwa wa lazima kuanzia tarehe 8 Mei 2023. Kabla ya hapo, kila taasisi ilijiamulia. Nambari iko mbele ya yule anayejaribu kuingia. Kama ni mwizi, wewe huioni, na huwezi kumfungulia kwa bahati mbaya.

La pili, simu inaweza kukuonyesha jina la huduma inayofunguliwa, kwa mfano barua pepe. La tatu, inaweza kukuonyesha mahali ombi linapotoka. Haya mawili yanategemea jinsi mwajiri wako alivyopanga mfumo wake. Usishtuke ukiwa kijijini halafu ramani ikakuonyesha mji mwingine wa nchi yako, maana eneo hukadiriwa kutokana na njia ya mtandao unaoutumia. Lakini ukiona nchi ya mbali ilhali hukujaribu kuingia popote, kataa.

Kama mtandao ni dhaifu?

Ombi la kuandika nambari linahitaji intaneti kwenye simu. Lakini programu hiyo hiyo hutengeneza pia namba za siri za tarakimu sita, zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, hata kama simu haina bando. Kama mwajiri ameruhusu njia hiyo, chagua kwenye ukurasa wa kuingia njia nyingine ya kuthibitisha, kisha andika tarakimu hizo.

Kumbuka pia kusasisha programu. Toleo la zamani sana lisiloweza kupokea nambari halitakuwezesha kuthibitisha kwa njia hii.

Je, sasa tuko salama kabisa?

Hapana. Mwizi anaweza kukupigia simu, akajiita fundi wa kompyuta wa ofisini, akakuambia: "Andika 42 tumalize tatizo lako." Ukiandika, umemfungulia mwenyewe. Anaweza pia kukutumia kiungo cha ukurasa bandia unaofanana na ule wa kazini. Ukiandika nywila humo, yeye anaiingiza kwenye ukurasa halisi, kisha anakuonyesha nambari iliyotokea huko.

Kwa hiyo shika mambo haya:

- Andika nambari pale tu ambapo wewe mwenyewe umeanza kuingia, na umeiona kwa macho yako kwenye ukurasa unaoujua.
- Usipokee nambari kwa simu wala kwa ujumbe, hata kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa bosi wako.
- Ombi likija bila wewe kuliomba, likatae, badilisha nywila na umjulishe mwajiri. Ombi hilo ni dalili kwamba huenda mtu tayari anayo nywila yako.
- Simu ikipotea, toa taarifa kazini siku hiyo hiyo ili programu iondolewe kwenye akaunti yako.

Hata wasio na akaunti ya kazini wana la kujifunza hapa. Simu ikikuomba ghafla uweke namba ya siri ya pesa za mtandao, kwa malipo ambayo hukuyaanzisha, kanuni ni ile ile: kama hukubisha hodi wewe, usifungue.