Sifa mbaya ya anwani: kisa cha asali ya Mwingi

Nilikuwa kimya wiki kadhaa nikirekebisha kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na ndilo lililonifanya nichimbe historia hii.

Kuna kikundi cha wafugaji nyuki upande wa Mwingi, Kitui, nilichokijengea duka la mtandaoni. Mwaka jana walilizwa. Mtu alinunua asali nyingi kwa kadi za wizi, mzigo ukasafirishwa, kisha benki ikarudisha pesa kwa wenye kadi. Asali imekwenda, pesa zimekwenda. Mwenyekiti wao, ambaye mimi humwita Mwaitu kama ilivyo desturi kwetu, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani hiyo mashine haikumtambua mwizi?" Digrii yote ile, sikuwa na jibu!

Nikaweka ukaguzi wa sifa ya anwani ya IP. Kila mteja anapofungua ukurasa wa kununua, seva inauliza huduma ya nje: anwani hii inajulikana kwa ubaya? Alama zikizidi kiwango fulani, mlango unafungwa. Tukalala usingizi.

Sasa, wazo hili lilitoka wapi? Halikuanzia kwenye maduka, lilianzia kwenye barua taka. Mwaka 1997 Paul Vixie, aliyekuwa akisimamia programu ya BIND inayojibu maswali ya DNS, alianzisha orodha ya anwani zinazotuma barua taka, iliyoitwa RBL. Mradi wenyewe uliitwa MAPS (lisome jina hilo kinyumenyume ucheke kidogo). Mwaka uliofuata, Steve Linford akaanzisha Spamhaus huko London.

Ufundi wake ni mtamu kwa urahisi wake. Chukua anwani 192.0.2.15, igeuze iwe 15.2.0.192, ongeza jina la orodha mwishoni, kisha uliza DNS kama unavyoulizia tovuti yoyote. Ukijibiwa 127.0.0.2, anwani imo kwenye orodha nyeusi. Ukiambiwa jina hilo halipo, mpitishe mgeni wako. Hakuna programu mpya ya kuweka, na jibu linarudi kabla hujapepesa jicho. Wafanyabiashara wakaona: kama inafaa kwa barua, kwa nini isifae kwa kadi? MaxMind, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, ikawa inauza hifadhidata za kuonyesha anwani iko nchi gani, na baadaye huduma ya kuipa kila oda alama ya hatari.

Tatizo ni kwamba orodha hizi huona anwani tu. Hazioni mtu. Na kwetu mtu mmoja hajawahi kuwa na anwani yake mwenyewe!

AFRINIC, shirika linalogawa anwani Afrika, lilitambuliwa rasmi Aprili 2005. Kabla ya hapo tuliziomba kwa mashirika ya Ulaya na Marekani. Na hadi nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na nje yalitegemea setilaiti. Hivyo hifadhidata ingeweza kukuonyesha uko Ulaya ilhali umekaa kwenye saiba huku ukambani. Saiba yenyewe ilikuwa na kompyuta kadhaa nyuma ya anwani moja. Moja ikipata virusi na kuanza kutuma barua taka, zote ziliingia orodhani, pamoja na yule mwanafunzi aliyekuja kuandika barua ya kuomba kazi.

Saiba zimepungua, lakini mambo hayajabadilika sana. Akiba ya dunia ya anwani za IPv4 iliisha Februari 2011. Tangu Januari 2020 AFRINIC humpa mwombaji anwani zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja itafanya nini? Inawaweka wengi nyuma ya anwani moja. Mama wa Mutomo na tapeli asiyemjua hata kwa jina wanaonekana kuwa mtu mmoja. Na ili mjue dhihaka haina mwisho: uchunguzi wa AFRINIC yenyewe, uliotolewa 2021, ulionyesha kuwa anwani zaidi ya milioni 4 zilichukuliwa isivyo halali. Kwa hiyo anwani inayoitwa ya Afrika huenda ilichafuliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Afrika.

Basi turudi Mwingi. Wiki ya tatu Mwaitu akapiga simu. Mteja wa Wote, Makueni, mwenye kioski, anayenunua kila mwezi, anafungiwa mlango. Mwingine wa Mutomo vilevile. Nilipofungua rekodi za seva nilitamani ardhi inimeze. Wengi niliowakataa walikuwa wateja wa kweli wanaotumia simu. Tena hulipa kwa M-Pesa, ambako kadi ya wizi haihusiki kabisa! Ukaguzi niliuweka kabla mtu hajachagua hata njia ya kulipa.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza: nikachukua anwani ya yule mwizi wa mwaka jana na kuipitisha kwenye ukaguzi uleule. Ilikuwa anwani ya nyumbani, Marekani, alama safi kabisa. Siku hizi anwani kama hizo hukodishwa, na mlaghai hujificha nyuma ya intaneti ya familia isiyo na habari. Angepita tena.

Sasa ukaguzi unawahusu wanaolipa kwa kadi tu, na alama ya IP haimkatai mtu peke yake. Inasimamisha oda hadi Mwaitu ampigie mteja simu na kulinganisha nchi ya kadi na mahali mzigo unakopelekwa. Ni polepole, lakini yeye anasema sauti ya mwizi anaijua.

Wale niliowafungia nimeambiwa niwaombe radhi mwenyewe, mmoja mmoja. Mwenye kioski wa Wote alicheka akaagiza tena. Wa Mutomo bado hajapokea simu yangu.