MPOX, SEHEMU YA 5: Kipande kilichopotea Kamituga

Haya wapendwa, nimetoka zamu, chai iko mezani, tuendelee tulipoishia jana.

Tulisema mtu wa kwanza kujulikana kuugua mpox ni mtoto wa miezi 9, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1970. Tangu hapo maelezo yalikuwa yaleyale: mtu anaupata kwa mnyama wa msituni, anaambukiza wachache nyumbani, unaishia hapo. Hata sisi chuoni tulifundishwa hivyo, mistari miwili, mwalimu akahamia kwenye surua.

Sasa Septemba 2023, Kamituga. Ni mji wa machimbo ya dhahabu, Kivu Kusini, Kiswahili wanakiongea kama wewe na mimi. Hospitali ikaanza kupokea vijana na watu wazima wenye vidonda sehemu za siri. Ndani ya miezi 5 wakalazwa washukiwa 241, na 108 wakathibitishwa. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi wanaofanya biashara ya ngono. Jamani, hiyo si habari ya nyama ya porini.

Sampuli zikaenda INRB, taasisi ya Profesa Muyembe, yule yule aliyechukua damu za wagonjwa Yambuku kwenye Ebola ya 1976. Wakasoma vinasaba vya kirusi herufi kwa herufi, kama 197,000 hivi.

Kumbe! Ndani ya seli zetu kuna kimeng'enya cha kinga kinaitwa APOBEC3. Kikikishambulia kirusi kinaacha alama, herufi C inageuka T. Alama moja haisemi kitu. Zikiwa nyingi za mtindo huo, ujue kirusi kimepita kwa mtu, kikaenda kwa mwingine, na mwingine tena. Za Kamituga zilikuwa nyingi.

Lililoninyima usingizi ni jingine. Kipande cha herufi zaidi ya 1,000 hakikuwepo kabisa, na kipimo cha PCR cha kutambua mpox ya kundi la kwanza kilikuwa kinatafuta hapohapo! Kipimo cha jumla kinasema ni mpox, cha kundi kinasema hakuna. Maabara yenye hicho cha pili peke yake ingemwandikia mgonjwa "hasi". Na wodini tunajua "hasi" inafanya nini: mlango wa chumba cha kutengwa unafunguliwa, glovu zinasahaulika, ndugu wanaingia kusalimia. Mimi mwenyewe niliwahi kumhamishia mama mwenye vipele wodi ya kawaida kwa karatasi ya "hasi". Ilikuwa tetekuwanga, lakini kitanda cha pili alilala mjamzito. Hiyo siisahau.

Basi, kundi hilo jipya likaitwa Ib. Kufikia mwanzoni mwa Agosti 2024 Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, nchi ambazo hazikuwahi kuripoti mpox, zote zilikuwa na wagonjwa. Wa Kenya alipatikana mpakani Taveta, msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda. Tarehe 14 Agosti WHO ikatangaza dharura. Kwetu Tanzania Wizara ilitangaza wagonjwa wawili Machi 2025.

Lakini angalia tarehe. Aprili 2024 matokeo ya Kamituga yalikuwa yameshawekwa hadharani, kila mtu ayasome. Chanjo za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba. Kesho, sehemu ya 6, tutaangalia hiyo miezi mitano ilikwenda wapi.