Kuipoza kompyuta kwa maji, Gesima na Mombasa

Kijana wetu aliyeko Gesima, kaunti ya Nyamira, ameniuliza namna ya kuipoza kompyuta yake ya mezani kwa maji. Huko kwenye mashamba ya chai baridi ni ya bure. Wa kulia ni sisi wa Mombasa. Maji hayaishushi prosesa chini ya joto la chumba. Hulibeba joto tu hadi kwenye rejeta, feni zikalipuliza nje. Chumba kikiwa digrii 32, kikomo ni hapo.

Feni nzuri ya kawaida ingemtosha, lakini vijana hawasikii. Basi kibamba cha shaba juu ya prosesa kisichanganywe na rejeta ya alumini, maana ndani ya maji yaleyale alumini italiwa. Tangi likae juu ya pampu, isije ikazunguka kavu. Maji ya kisima yana chumvi. Atie yaliyokenekwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu.

Kubwa kuliko yote: aiwashe pampu peke yake saa 24, karatasi za shashi chini ya kila kiungo, kabla umeme haujagusa bodi. Shashi ikilowa, akaze upya, aanze kuhesabu tena.