Utalii wa kitamaduni jangwani: Wenyeji ndio washike hatamu

UTALII wa kitamaduni ni ule ambao mgeni huvutiwa na maisha ya wenyeji: makao yao, vyakula, mavazi, ngoma, ufundi na historia yao. Unakuwa utalii wa kijamii pale ambapo wenyeji hao ndio wanaoumiliki, wanaouendesha na wanaogawana mapato yake. Tofauti hiyo huenda ikaonekana ndogo, lakini katika nyika kame za kaskazini mwa Kenya ndiyo inayoamua iwapo ziara ya mgeni itamwachia mwenyeji riziki au vumbi la gari tu.

Mfano bora ni eneo la Loiyangalani na Jangwa la Chalbi katika Kaunti ya Marsabit, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi. Jina Loiyangalani, kwa Kisamburu, lina maana ya mahali penye miti mingi. Miti hiyo, aghalabu mikoma, hustawi kwa chemchemi zinazotiririka kutoka Mlima Kulal. Upande wa magharibi limetanda Ziwa Turkana, kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu ya jangwani duniani. Kaskazini mashariki ni Chalbi, uwanda wa chumvi usioota kitu.

Hazina ya eneo

Ni nadra kupata sehemu nyingine nchini ambapo jamii nyingi kiasi hiki zinaishi karibu karibu. Waelmolo, mojawapo ya jamii ndogo kabisa za Kenya, ni wavuvi. Lugha yao asilia, ya Kikushi, imekaribia kutoweka na wengi wao sasa husema Kisamburu. Warendille na Wagabbra ni wafugaji wa ngamia, ilhali Waturkana, Wasamburu na Wadaasanach nao wana mila na ufundi wao.

Upande wa kaskazini kuna Mbuga ya Sibiloi na Koobi Fora, mashuhuri kwa masalia ya binadamu wa kale. Mbuga za Ziwa Turkana zilitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 1997. Mnamo 2018 ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kutokana na bwawa la Gibe III lililojengwa nchini Ethiopia kwenye Mto Omo, ambao ndio huliletea ziwa sehemu kubwa ya maji yake.

Mwaka wa 2008, Makavazi ya Jangwa yalifunguliwa Loiyangalani. Mwaka huo huo pia lilianza Tamasha la Utamaduni la Ziwa Turkana, ambalo hukusanya zaidi ya jamii 10 za Marsabit. Halikukusudiwa kuwa burudani tu. Miaka mitatu awali, mnamo Julai 2005, watu zaidi ya 50 waliuawa katika shambulio la Turbi, na palihitajika uwanja wa kuwakutanisha wenyeji pasipo mikuki wala bunduki.

Mapato huishia wapi?

Tamasha hudumu siku chache, kisha wageni hutawanyika. Isitoshe, mtalii anayelipia safari yake yote jijini husafiri na chakula, hema na mwelekezi wake. Kijiji huambulia ada ya kupigwa picha na bei ya shanga mbili tatu. Wanaocheza ngoma juani si wao wanaopanga bei.

Mambo huwa tofauti jamii inapomiliki makao ya wageni. Huko Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua nyumba ya wageni katika ardhi yao ya pamoja mwaka wa 1996, na mwaka wa 2002 wakatuzwa na Umoja wa Mataifa. Laikipia si jangwa na wanyamapori wake ni kivutio tosha, lakini funzo ni lile lile: mwenye ardhi akiwa ndiye mwenye nyumba, huwa na sauti kuhusu matumizi ya mapato.

Nguzo za mradi wa kijamii

Ya kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 huziruhusu jamii kusajili ardhi yao kwa pamoja. Jamii isiyo na hati itajenga leo na kufurushwa kesho.

Ya pili ni ridhaa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, pia ya 2016, inataka jamii iombwe idhini kabla ya utamaduni wake kutumiwa kibiashara. Sherehe ya Sorio ya Warendille na Wagabbra, ambapo mifugo huchinjwa kuombea baraka, ni ibada. Wazee ndio wa kuamua kipi mgeni aruhusiwe kuona na kipi kisitirike.

Ya tatu ni akina mama. Miongoni mwa Wagabbra na Warendille, mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba, na hujua kuibomoa, kuipakia juu ya ngamia na kuisimamisha upya. Malazi ya wageni yakijengwa kwa ufundi huo, ujira wake uingie mikononi mwao.

Ya nne ni uwazi. Ada ijulikane na wote, wenye nyumba wapokee wageni kwa zamu, na hesabu zisomwe barazani. Ya tano ni maji. Maji ya ziwa yana magadi na floridi nyingi, hivyo idadi ya wageni sharti ilingane na uwezo wa chemchemi.

Vikwazo

Barabara imeimarika. Lami ya Isiolo hadi Moyale imekamilika, na mradi wa umeme wa upepo uliboresha kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima. Hata hivyo, usalama ungali dondandugu. Mnamo Mei 2022 serikali ilitangaza kafyu Marsabit kutokana na mauaji ya kikabila. Tabianchi nayo haina huruma. Misimu mitano mfululizo ya mvua kati ya 2020 na 2022 iliambulia patupu, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika maeneo kame ya Kenya. Wakati uo huo, ziwa lilifurika na kukigeuza Komote, kijiji cha Waelmolo, kuwa kisiwa.

Kwa hivyo utalii haufai kuchukua nafasi ya ngamia wala nyavu. Unaweza tu kuwa mkono wa pili wakati ule wa kwanza umelemewa. Mfugaji aliyepoteza mifugo yake huhitaji kipato cha kumvusha hadi mvua inyeshe tena, na kipato hicho hakitamfikia iwapo ada ya mgeni imeishia mfukoni mwa mwingine.