Mtoto Si Kopo la Kuombea: Historia Fupi ya Sheria



Kila tarehe 16 Juni tunawakumbuka watoto wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliifanya siku hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, nayo huadhimishwa tangu 1991. Katika toleo hili la kumbukumbu, kamati imeona vema tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulipita njiani bila kuuliza: mtoto anayetumwa kuomba ili mtu mwingine ale. Sheria inasemaje, na ilifikaje hapo ilipo?

Sheria za zamani zilimwandama mwombaji. Uingereza ilitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824. Ilimtaja pia mtu anayemtuma au kumshawishi mtoto aombe, lakini ilimtia katika kapu moja na mzururaji yeyote, kana kwamba kosa lake ni uvivu tu. Wakoloni waliyaleta maneno hayo Tanganyika, na yamo katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945. Kwetu Kongo, amri ya tarehe 23 Mei 1896 ilihusu uzururaji na uombaji, na amri ya 1950 ilimpeleka mtoto mwombaji mbele ya hakimu pamoja na watoto wahalifu. Mtoto alikamatwa, na aliyekula jasho lake alilala nyumbani kwake.

Mabadiliko yalisukumwa na mateso ya watoto maskini wa Italia. Katika karne ya 19, wazazi wa milima ya Basilicata walifanya mapatano na mabwana waliowachukua watoto wao kwa miaka kadhaa hadi Paris, London na New York. Watoto walipiga kinubi na fidla barabarani huku wakiomba. Jioni kila mmoja alikabidhi pesa zote kwa bwana wake, na zikipungua alipigwa. Wazazi walikuwa wameahidiwa kwamba mtoto atajifunza kazi.

Italia ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya Desemba 1873. Marekani ilifuata Juni 1874, na Ufaransa Desemba 1874. Sheria ya Ufaransa iliwaadhibu hata wazazi waliowatoa watoto wa chini ya miaka 16 kwa waombaji. Uingereza nayo, mwaka 1889, ilifanya kuwa kosa kumtuma mtoto kuomba: mvulana wa chini ya miaka 14, msichana wa chini ya miaka 16. Hapo sheria ikaanza kuuliza swali lililo la maana: pesa za jioni anapokea nani?

Afrika nayo haikukaa kimya. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika tarehe 29 Novemba 1999, unazitaka serikali, katika kifungu cha 29, kuzuia kuuzwa kwa watoto na mtu yeyote, hata mzazi, na kuzuia kuwatumia watoto katika kuomba kwa namna yoyote ile.

Hata hivyo, karatasi peke yake haimwokoi mtoto. Tuangalie Senegali. Huko watoto wanaoitwa talibé hupelekwa kwa walimu wa Kurani. Wapo walimu wanaowafundisha na kuwalea vizuri. Lakini wapo wanaowapangia kiasi cha pesa cha kuleta kila siku, na asiyefikisha huchapwa. Sheria ya Mei 2005 iliweka kifungo cha miaka 2 hadi 5 kwa anayepanga wengine waombe kwa faida yake. Ilipita miaka mitano ndipo, Septemba 2010, walimu saba wakahukumiwa. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuomba barabarani mwezi Agosti, na Oktoba ikarudi nyuma. Machi 2013 moto uliwaua watoto katika chuo kimoja mtaa wa Médina, Dakar. Sheria ilikuwapo, ila haikusimamiwa.

Nchini kwetu, Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia uchawi. Jambo hili la uchawi linahusika sana, kwa kuwa watoto wengi wanaoomba barabarani Kinshasa walifukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliifuta amri ya 1950, na inamhesabu mtoto anayekutwa akiomba kuwa anahitaji ulinzi maalum. Hapa Tanzania, sheria ya 2008 inaadhibu usafirishaji wa watu, na kosa ni zito zaidi aliyesafirishwa akiwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilifuata.

Sheria za Tanzania zinatuhusu sisi pia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 2, unasema mkimbizi hutii sheria za nchi inayompokea. Basi tusidhani kwamba ndani ya kambi mambo ni ya kwetu wenyewe.

Tuelewane vizuri. Posho ikipungua, mama huhangaika, na watoto huona njaa. Mama huyo si mfanyabiashara ya watoto, na tusimnyoshee kidole. Ajue tu kwamba kumtuma mtoto kuomba kunaweza kumpeleka mahakamani, kwa hiyo aje kwa viongozi mapema. Tunayemsema ni yule anayekuja na maneno matamu: nipe mtoto, nimpeleke mjini asome, nitamtunza kama wangu. Wazazi wa Basilicata waliambiwa karibu hayo hayo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wote: msimtoe mtoto kwa ahadi ya mdomo. Ulizeni anakwenda wapi, kwa nani, shule gani. Mkimwona mtoto anayeomba na kukabidhi pesa kwa mkubwa, msimfukuze wala kumpiga. Mpelekeni habari kiongozi wa kijiji, sungusungu, ofisi ya ustawi wa jamii au polisi. Mtoto wa mwenzako ni wako.