Volteji rejea

Volteji rejea ni volteji thabiti ambayo saketi huitumia kupimia volteji nyingine. Kazi yake ni ya jiwe la mizani: mizani iwe nzuri vipi, jiwe likiwa pungufu kila kipimo ni pungufu. Bodi ya Arduino Uno, kwa mfano, huigawa volteji rejea katika ngazi 1024, na isipoelekezwa vinginevyo, rejea yenyewe ni umeme unaoiendesha, unaodhaniwa kuwa volti 5. Waya wa USB ukileta volti 4.8, betri ya volti 2.40 itasomeka 2.50, wala programu haitaligundua kosa hilo yenyewe.

Zamani maabara zilitegemea seli ya Edward Weston ya mwaka 1893, yenye volti 1.018 hivi. Saketi za leo hutegemea zaidi mbinu iliyotiwa ndani ya chipu na Robert Widlar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Volteji kati ya besi na emita ya transista hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi joto linapopanda. Lakini transista mbili zikipitisha mkondo kwa msongamano tofauti, tofauti ya volteji zao hupanda na joto. Volteji inayoshuka na ile inayopanda zikijumlishwa kwa uwiano sahihi, mabadiliko yake hufutana, na kinachobaki ni karibu volti 1.2 zisizoyumba sana.

Chipu ya bei nafuu inayofuata mbinu hiyo ni TL431, iliyotolewa na Texas Instruments mwaka 1977. Ina miguu mitatu, kwa sura ni kama transista, na fundi huikuta ndani ya pawa saplai za kompyuta na chaja nyingi. Mguu wa rejea ukiunganishwa na kathodi, chipu hushikilia volti 2.495. Kwenye umeme wa volti 5, rezista moja ya kiloohm 1 hupitisha miliamperi 2.5 hivi, mzigo usichukue nyingi, kwani chipu iachiwe walau miliamperi 1.

Wengi hukosea hapa: huongeza rezista mbili ili wapate volti 5 kamili. Rezista mbili sawa za asilimia 1 zinaweza kupotosha volti hizo kwa milivolti 50, mara mbili ya kosa la chipu ya daraja B, ambayo ni asilimia 0.5. Zikiwa za kiloohm 10, mkondo mdogo unaoingia mguu wa rejea, mikroamperi 2 hivi, huongeza milivolti 20 nyingine. Ni heri kubaki na volti 2.495.

Kapasita pia ichaguliwe kwa uangalifu. Baadhi ya thamani za kati huifanya chipu itetemeke, na mita ya kawaida haionyeshi mtetemo huo. Maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe.

Usahihi wa bei nafuu hautokani na kununua namba kamili, bali kitu kisichobadilika. Chipu ikikaa mbali na sehemu zinazopata moto, ipimwe mara moja kwa mita bora, hata ya kuazima, na thamani halisi, tuseme 2.487, iingizwe kwenye programu. Iandike pia kwenye bodi pamoja na tarehe, kisha uipime tena baada ya mwaka.